Je, wajua kwa nini flopi isiyokuwepo iliweza kutoboa ukuta wa mashine pepe?

Katika maduka ya stationery ya Tabora mjini, flashi ya mteja hupokelewa kwa tahadhari. Anayechapa barua na kutoa kopi kutwa nzima ameshazoea kuona mafaili ya watu yakigeuka njia za mkato zisizofunguka. Baadhi ya mafundi wana dawa yao: flashi hufunguliwa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu kama VirtualBox, yenye Windows yake humo ndani. Kompyuta halisi ni mwenyeji, ile ya kuigizwa ni mgeni, na imani ni kwamba lolote litakalomlipukia mgeni litaishia kwake.

Mara nyingi huwa hivyo. Lakini tarehe 13 Mei 2015 ilitangazwa dosari iliyoonyesha kwamba mgeni anaweza kutoka, tena kwa kupitia kifaa ambacho mafundi wengi hawakijali: kiendeshi cha flopi, ile diski bapa ya zamani ya kuhifadhia mafaili. Dosari hiyo ilipewa jina VENOM na namba CVE-2015-3456. Aliyeigundua ni Jason Geffner wa kampuni ya CrowdStrike. Ilikuwa imekaa ndani ya QEMU, programu nyingine ya kuendesha mashine pepe, tangu 2004, miaka kumi na moja bila mtu kuinyooshea kidole, na kwa kuwa KVM, Xen na VirtualBox, ambazo nazo ni za kazi hiyo, zilitumia msimbo huohuo wa flopi, nazo ziliathirika. Programu za washindani, VMware na Hyper-V, ambazo zina msimbo wao, hazikuguswa.

Inakuwaje flopi? Jibu la haraka ambalo wengi hulishika kuhusu mashine pepe ndilo linalofanya swali hili lionekane la ajabu. Husemwa hivi: mgeni amefungwa na prosesa yenyewe, ubongo wa kompyuta, kwa hiyo kumtoa kunahitaji kuvunja prosesa. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Tangu 2005 kwa Intel na 2006 kwa AMD, prosesa za kompyuta za kawaida zina uwezo wa kumwendesha mgeni huku zikimchunga. Mgeni akitaka kusoma kumbukumbu ya mwenyeji moja kwa moja, hapati. Ukuta huo ni imara, na dosari nyingi za mashine pepe hata haziugusi.

Kosa ni kudhani kompyuta ni prosesa na kumbukumbu tu. Windows ikiwaka ndani ya mgeni hutafuta diski, kibodi, kadi ya mtandao, kadi ya sauti, saa, milango ya USB. Vingi kati ya vifaa hivyo havipo. Mgeni akiandika namba kwenye mlango wa kifaa, prosesa humsimamisha na kuikabidhi namba hiyo kwa programu iliyo upande wa mwenyeji, ambayo hujifanya kuwa kifaa hicho. Programu hiyo imeandikwa na binadamu, mara nyingi kwa lugha ya C, na inafanya kazi kwa mamlaka ya mwenyeji. Kwa hiyo ukuta ni wa zege kweli, ila una madirisha, na katika kila dirisha ameketi karani anayepokea maagizo ya mgeni.

Tumtazame karani wa flopi, na tumweke kwenye stesheni ya Tabora, pale treni za Kigoma na za Mwanza zinapoachana njia. Yuko kwenye dirisha la mizigo. Mteja haruhusiwi kuingia ofisini. Anatamka agizo lake neno moja moja, na karani anaandika neno moja kwa kila mstari. Karatasi yake ina mistari 512. Idadi hiyo si ya kubahatisha: kipande kimoja cha data kwenye flopi kina baiti 512, na vipande 2,880 vya namna hiyo ndivyo vinavyojaza flopi iliyoitwa ya megabaiti 1.44.

Ili asipotee, karani huweka kidole kwenye mstari unaofuata. Neno likiandikwa, kidole hushuka. Agizo la flopi ni fupi, halizidi maneno tisa hivi, kwa hiyo kidole hakifiki mbali. Agizo likikamilika, karani hulitekeleza, kisha hurudisha kidole mstari wa kwanza. Hapo ndipo usalama wote ulipokuwa: kwenye kurudisha kidole. Hakukuwa na kanuni iliyosema "karatasi ikiisha, acha kuandika." Ilidhaniwa tu kwamba haiwezi kuisha.

Na kwa maagizo karibu yote haikuisha. Lakini kulikuwa na mawili, lile la kusoma kitambulisho cha kipande na lile la kueleza sifa za kiendeshi, ambayo hayakurudisha kidole papo hapo. Mteja mjanja anatamka moja kati ya hayo, kisha haondoki. Anaendelea kutamka maneno. Karani anaandika. Mstari wa 510, wa 511, wa 512. Neno la 513 linaandikwa wapi? Kwenye chochote kilicho chini ya karatasi. Labda ni meza tupu. Labda ni hati ya stesheni masta inayosema behewa gani liunganishwe na treni gani, na nani apewe ufunguo wa ghala. Kesho yake wafanyakazi wanasoma hati hiyo na kuitii, maana imo ofisini, na mwandiko ni wa karani wao wenyewe.

Ndicho kinachoitwa kufurika kwa bafa. Bafa ni ile karatasi, kidole ni namba inayohesabu nafasi, na hati ya chini ni data nyingine ya programu, ikiwemo anwani zinazoiambia iende kutekeleza nini baadaye. Lugha ya C haimkatazi karani, kwa sababu haikumbuki karatasi ina mistari mingapi. Kazi hiyo imeachiwa mwandishi wa programu. Mteja hakuvunja ukuta wala kuingia ofisini. Alimtumia karani, ambaye tayari yumo ndani na funguo anazo.

Marekebisho yake yanapendeza kwa ufupi. Kabla ya kuandika, nafasi hugawanywa kwa 512 na kinachotumika ni baki. Nafasi ya 700 inakuwa ya 188. Kidole kikivuka mwisho kinarudi juu, na mteja anayeropoka anaharibu maneno yake mwenyewe. Kimsingi ni hesabu ya darasa la nne iliyokosekana kwa miaka kumi na moja.

Tusiikuze kupita kiasi, ingawa wakati ule ililinganishwa na Heartbleed, dosari nyingine maarufu ya 2014. Heartbleed ilitumika kupitia mtandao bila nywila yoyote. VENOM ilimtaka mshambuliaji awe tayari ndani ya mgeni, na awe na mamlaka ya kugusa milango ya vifaa, ambayo kwa kawaida ni ya msimamizi. Tena kuiangusha programu ni kitu kimoja, kuitawala ni kingine: mpangilio wa kumbukumbu hubadilishwabadilishwa makusudi, na anayeandika gizani hajui ameandika juu ya hati au juu ya meza. Ila fundi anayefungua flashi za wateja humo ndani asijifariji sana, maana Windows yake ya majaribio karibu kila mara inaendeshwa kwa akaunti ya msimamizi.

Kuna waliosema, "Mimi flopi nimeshaitoa." Kwenye QEMU na Xen haikusaidia. Ulichotoa ni kiendeshi. Kidhibiti chake kilibaki, kwa sababu ya hitilafu nyingine isiyohusiana na hii. Kuondoa kabati la mizigo hakumfukuzi karani.

Madirisha mengine nayo yana habari zake. Novemba 2018 Sergey Zelenyuk alichapisha dosari ya VirtualBox 5.2.20 na matoleo ya nyuma, kwenye kadi ya mtandao ya kuigiza ya Intel PRO/1000 ikiwa katika hali ya NAT, ambapo mgeni hupata mtandao kupitia mwenyeji, na hiyo ndiyo mipangilio inayokuja yenyewe bila kugusa kitu. Chanzo kilikuwa kutoa namba kubwa kwenye ndogo: kwa namba ya biti 32 isiyojua hasi, 3 kutoa 5 si hasi 2, ni 4,294,967,294, na karani akiambiwa hicho ndicho kipimo anakiamini. Machi 2025 ikawa zamu ya VMware Workstation, iliyorekebishwa katika toleo 17.6.3. Hiyo inafanana na mnunuzi wa asali anayepima debe kwenye mizani, akageuka kuchukua kalamu, na muuzaji akalibadilisha debe: programu ilikagua kipimo, kisha ikakitumia baada ya mgeni kuweza kukigeuza. Hiyo ilikuwa imeshatumika katika mashambulizi halisi kabla ya kutangazwa.

Kwa hiyo kazi ya fundi ni kupunguza madirisha. Kwenye VirtualBox, mgeni akiwa amezimwa, fungua Settings. Katika Storage, futa kidhibiti chote cha flopi, si diski yake tu. Katika System, toa alama ya flopi kwenye orodha ya kuwashia. Kama mgeni hahitaji intaneti, zima kadi ya mtandao kabisa. Folda za pamoja na ubao wa kunakili wa pamoja vizimwe kwanza kuliko vyote, maana hivyo vinapitisha vitu bila kuhitaji dosari yoyote. USB ndiyo ngumu: ukiizima, flashi ya mteja haiingii. Ukiiacha, weka kichujio cha USB ili flashi ikabidhiwe kwa mgeni mara tu inapochomekwa, na zima ufunguaji wa moja kwa moja wa flashi upande wa mwenyeji, kwa kuwa mwenyeji ndiye anayeiona kwanza.

Halafu sasisho. Wanaotumia QEMU kwenye Linux hukosea hapa mara nyingi: wanasakinisha toleo jipya, kisha wanamwasha upya mgeni kutoka ndani yake. Mchakato wa upande wa mwenyeji, yaani programu inayomwendesha mgeni, haujafa, karani ni yuleyule, na msimbo anaoufuata ni ule wa zamani uliokwisha kupakiwa kwenye kumbukumbu. Mgeni azimwe kabisa, mchakato wake utoweke kwenye orodha ya mwenyeji, ndipo awashwe. Na waliozoea kuhifadhi hali ya mashine umeme unapoanza kuyumba waifungue kwanza na kuizima vizuri kabla ya kusasisha. Hali iliyohifadhiwa na toleo la zamani wakati mwingine hukataliwa na jipya, na barua ya mteja ambayo haijahifadhiwa hupotea nayo.