Mpira wa Viwandani: Aina Zake na Mahali Kila Aina Inapofaa

Mpira wa viwandani ni jina la ukoo mzima wa malighafi zenye tabia moja: ukizivuta zinanyumbuka, ukiziachia zinarudi zilivyokuwa. Zaidi ya hapo hazifanani. Iko aina inayokaa ndani ya dizeli kwa miaka bila kudhurika, na iko nyingine ambayo dizeli hiyohiyo huivimbisha na kuilainisha mpaka haifai tena. Kwa macho zote mbili ni nyeusi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya oringi (pete ya mpira ya kuzibia maungio), sili (mpira wa kuzuia uvujaji) au hozi, uliza kwanza itagusana na nini.

Mkongwe wa ukoo huu ni mpira wa asili. Unatokana na utomvu mweupe unaogemwa kwenye gome la mti uitwao Hevea brasiliensis, ambao kwao ni Amazon. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alizisafirisha mbegu zake hadi bustani ya Kew, London, na kutoka huko miche ikapelekwa Asia. Leo Thailand na Indonesia ndizo zinazoongoza kwa uzalishaji, na kwa Afrika ni Kodivaa. Huku kwetu historia yake ina machungu: katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji watu waliuawa na kukatwa mikono kwa sababu ya utomvu wa mitambaazi ya msituni. Tanga na Morogoro, walowezi wa Kijerumani walipanda mti mwingine wa Brazili, ndugu wa karibu wa muhogo, lakini bei ilipoporomoka mnamo 1913 kwa wingi wa mpira wa Asia, mashamba yale yalikosa faida. Hevea wenyewe ulikuja kupandwa baadaye, Muheza na Kilombero.

Utomvu mtupu ukigandishwa haufai kwa kazi ya maana. Kwenye joto unanata, kwenye baridi unakakamaa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, matatizo yote mawili yanaondoka. Salfa huunganisha minyororo mirefu ya molekuli za mpira, kama mafundo yanavyoshika nyuzi za wavu: zinavutika, lakini haziteleziani zikapoteana. Kazi hiyo inaitwa vulkanizesheni, na karibu kila mpira unaoushika leo umepitia hapo au kwenye njia inayofanana nayo. Baadaye ikaongezwa kaboni nyeusi, yaani masizi laini sana, ambayo huufanya mpira usichanike wala kulika upesi. Weusi wa tairi unatoka hapo.

Mpira wa asili haujapitwa na wakati. Unavumilia kukunjwa na kunyooshwa mara nyingi mno bila kuchoka, na haupati joto kali ndani yake unapofanya kazi. Ndiyo sababu tairi za malori na za ndege bado zinautegemea sana, pamoja na maunti za injini, yaani vishikizo vya mpira vinavyoibeba injini. Adui zake ni mafuta ya jamii ya petroli, kama dizeli na oili, kisha jua, na ozoni iliyomo hewani, ambayo huupasua nyufa ndogondogo.

Mwaka 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa ambavyo sasa ni Indonesia, na Marekani ikajikuta imekatiwa mpira karibu wote. Ikajenga haraka viwanda vya mpira wa kutengenezwa, hasa ule ambao sasa unaandikwa SBR, uliokuwa umeanzia Ujerumani kwa jina la Buna S. Huu ndio ulio kwenye uso wa tairi nyingi za magari madogo, kwa kuwa hauliki upesi barabarani na bei yake ni nafuu. Kwa tyubu, na kwa tabaka la ndani la tairi zisizo na tyubu, hutumika aina nyingine ya kutengenezwa, byutili, maana hewa haipenyi humo kirahisi. Vifuniko vya chupa za dawa za sindano navyo hutengenezwa kwa ukoo huohuo wa byutili.

Sasa aina mbili ambazo ningependa kila fundi na kila mwenye gari azijue: NBR na EPDM. NBR, au naitraili, inastahimili dizeli, petroli, oili ya injini na ya haidroliki. Kwa hiyo iko kwenye oringi nyingi, oili sili na hozi za mafuta, mradi joto lisizidi sana nyuzi 100. Jua na ozoni huipasua. EPDM ni kinyume chake: inavumilia jua, mvua, mvuke na maji ya moto, hivyo inafaa kwa hozi za rejeta, mipira ya milango ya magari na mapaa ya majengo. Lakini ikiguswa na mafuta ya jamii ya petroli inavimba.

Hapo ndipo hatari ya breki ilipo. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hayatokani na oili. Ni ya jamii ya kemikali ziitwazo glaikoli, na sili za masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, kwa kawaida ni za EPDM au SBR. Mtu akijazia oili ya injini kwa kuwa DOT imepungua, au akiosha vipuri hivyo kwa petroli au dizeli, sili zinavimba. Breki zinaanza kushika zenyewe, kisha zinaweza kukosekana kabisa. Mfumo uliokwisha kuingia oili hauponi kwa kumwaga na kujaza upya: vipande vyote vya mpira, pamoja na hozi, vinapaswa kubadilishwa. Kuvioshea, tumia DOT safi au spiriti ya alkoholi. Naomba sana jambo hili lifundishwe gereji kabla hata ya kumpa kijana spana.

Kwenye joto kali zaidi huja silikoni na FKM. Silikoni inahimili nyuzi 200 na baridi kali pia, na hutumika jikoni na hospitalini, ila huchanika kirahisi. FKM, inayojulikana zaidi kwa jina la Viton, inastahimili joto hilo pamoja na mafuta na kemikali nyingi, lakini ni ghali, na baridi huikakamaza. Oringi za chombo cha anga Challenger zilikuwa za aina hiyo. Tarehe 28 Januari 1986 kilirushwa asubuhi ya baridi kali, oringi hazikuziba kwa wakati, na watu 7 wakafa. Mwanafizikia Richard Feynman alionyesha kisa chake hadharani kwa kuchovya kipande cha oringi kwenye maji ya barafu: kilibanwa, kikaachiwa, kikachelewa kurudi.

Neoprini ni ya kati kwa karibu kila kitu, nzuri kwa mikanda, nguo za wapiga mbizi na vitako vya madaraja, yaani mito ya mpira iliyo kati ya daraja na nguzo zake. Poliyurethani inashinda zote kwa kutolika, hivyo utaikuta kwenye bushi na magurudumu ya toroli.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Shore A. Oringi za kawaida ni 70. Namba hiyo haikuambii aina, na rangi pia haikuambii, kwa hiyo tafuta herufi zilizoandikwa kwenye pakiti. Ukinunua za akiba, ziweke gizani, pakavu, zikiwa zimelala bila kukunjwa, na mbali na mota za umeme, kwa kuwa cheche zake hutoa ozoni.