Unguja nako kimbunga hufika

Kila tahadhari ya kimbunga inapotolewa, maskanini na madukani hapa Unguja husikika jibu moja: sisi tuko karibu na ikweta, kimbunga hakitufiki. Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto, na pia nguvu ya mzunguko wa dunia ili upepo wake uzunguke. Nguvu hiyo hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta, ndiyo maana vimbunga ni nadra sana ndani ya nyuzi 5 za latitudo kila upande wa ikweta.

Lakini Pemba iko mpakani mwa nyuzi hizo, na Mji Mkongwe uko zaidi ya nyuzi 6 kusini. Nadra si kinga.

Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Meli za Sultani Barghash ziliharibiwa bandarini. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na baadaye ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Wengi tunaijua sifa hiyo bila kujua kwamba upepo ulichangia. Juzi tu, Mei 2024, kimbunga Hidaya kilifika Mafia, kusini yetu, na boti za Dar es Salaam zikasimama.

Kwa hiyo mvuvi wa Nungwi au wa Mkoani kule Pemba akisikia tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, naomba sana asitoe ngarawa. Kimbunga kikipita mbali, mawimbi yake huweza kutufikia kabla hata wingu jeusi halijaonekana.