Vijiji vya Chechnya kati ya mlima na uwanda

Watu wa Chechnya, jamhuri iliyo ndani ya Urusi kwenye milima ya Kaukazi, ambao dunia inawaita Wachecheni, wao wenyewe hujiita Nokhchi. Jina tulilolizoea sisi lilitokana na kijiji kimoja, Chechen-Aul, kilicho kando ya mto Argun, si mbali na mji mkuu, Grozny. Warusi walikifahamu kijiji hicho kabla ya vingine, wakaliita taifa zima kwa jina lake. Kila ninapofundisha historia ya makazi ya Kaukazi huanza na jambo hili, kwa sababu linamweka msomaji kwenye njia sahihi tangu mwanzo: katika nchi hii kijiji hakikuwa kipande cha taifa, bali taifa lenyewe lilijengwa kwa vijiji. Asiyeelewa kijiji cha Kichecheni kimekaa wapi, na kimehamishwa mara ngapi, ataiona historia ya Chechnya kama orodha ya vita tu.

Kazi yangu ni kusoma ramani za zamani za makazi ya vijijini, na ramani ya Chechnya husomeka vizuri zaidi kutoka kaskazini kwenda kusini, kama mtu anayepanda ngazi. Kaskazini ya mto Terek kuna nyika kavu yenye mchanga, ambako maisha yalikuwa ya ufugaji na ya vijiji vya Wakozaki, wakulima-askari wa mpakani mwa Urusi, vilivyojipanga kandokando ya mto. Kusini ya Terek kuna safu mbili za vilima vifupi, vikavu, na baada yake mto Sunzha. Kati ya Sunzha na milima kuna uwanda wenye udongo mweusi wenye rutuba, na hapo ndipo wanapoishi watu wengi hadi leo. Kisha ardhi inaanza kuinuka: kwanza Milima Myeusi, iliyoitwa hivyo kwa sababu ya misitu yake minene, halafu safu za mawe matupu na malisho, hadi kwenye theluji ya kudumu mpakani mwa Georgia, ambako kilele cha Tebulosmta kinafikia mita 4,493. Yote hayo yamo katika umbali ambao gari hulimaliza kwa siku moja, lakini mkulima wa uwandani na mfugaji wa juu waliishi majira tofauti, kwa mazao tofauti.

Mito ndiyo inayounganisha ngazi hizo. Fortanga, Gekhi, Martan, Goyta, Argun na Khulkhulau hushuka sambamba kutoka milimani, na kila unapotoka bondeni kuingia uwandani kuna kijiji kikubwa, mara nyingi chenye jina la mto wake: Gekhi, Goyty, Urus-Martan. Vijiji hivi si vidogo hata kidogo. Urus-Martan na Shali vilikuwa na makumi ya maelfu ya wakazi kabla ya kupewa hadhi ya mji mwaka 1990, na hata baada ya hapo sura yake imebaki ya kijiji, yenye nyua pana, mageti marefu, na nyumba za wana waliooa zimejengwa ubavuni mwa nyumba ya baba. Katika sensa ya mwaka 2010 karibu theluthi mbili ya watu wa Chechnya walihesabiwa kuwa wakazi wa vijijini, jambo lisilo la kawaida katika Urusi, ambayo kwa sehemu kubwa ni nchi ya mijini.

Juu milimani hali ni nyingine. Hapo kijiji kilikuwa kundi la nyumba chache za mawe, zimeegemea mwamba ili zisile ardhi ya kulima, zikitazama jua la kusini. Minara iliyobaki huko, kama ile ya Ushkaloy, Nikaroy na bonde la Maista, mingi yake ilijengwa kati ya karne ya 14 na ya 17. Watu wengi huipiga picha wakidhani yote ni ngome, lakini iko ya aina mbili. Mnara wa vita ni mwembamba, wenye orofa nne au tano, urefu wa mita 20 na zaidi, unaopungua kadiri unavyopanda. Mlango wake uko juu, ngazi ikivutwa ndani hakuna wa kuingia. Mnara wa kuishi ni mpana na mfupi, na mimi naupenda zaidi kwa sababu unaeleza uchumi mzima wa kijiji ndani ya kuta nne. Orofa ya chini ilikuwa ya mifugo. Juu yake familia ilipika, ikala na kulala, na joto la wanyama likapanda kuwasaidia wakati wa theluji. Orofa ya juu ilikuwa ghala na mahali pa kujihami. Katikati, kutoka chini kwenda juu, husimama nguzo moja ya mawe yaliyochongwa, nayo ndiyo inayobeba mihimili ya sakafu zote. Juu ya moto ulining'inia mnyororo wa chungu, kitu kitakatifu kuliko vyote nyumbani. Mtu aliyekuwa akitafutwa kwa kisasi, akiwahi kuushika mnyororo ule, aliingia katika ulinzi wa nyumba hiyo.

Tatizo la mlimani lilikuwa nafaka. Huko Cheberloy na Makazhoy bado yanaonekana matuta yaliyochongwa mteremkoni ngazi kwa ngazi, ambayo watu waliyajaza udongo ili wapate kipande cha shayiri, lakini kipande hicho hakikuweza kuilisha familia mwaka mzima. Chakula kilichopungua kilitoka uwandani, ama kwa kubadilishana na kondoo, jibini na sufu, ama kwa kushuka na kulima huko. Kwa hiyo aliyeshika uwanda alishika tumbo la mlima. Mwaka 1395 Timur, mtawala mshindi wa Asia ya Kati, baada ya kumshinda hasimu wake Tokhtamysh, khani wa Wamongolia wa nyika, kwenye mto Terek, aliivamia Kaukazi ya kaskazini, na wakulima wa uwandani waliosalia wakakimbilia juu. Kutoka karne ya 15 na ya 16 walianza kushuka tena taratibu, ukoo baada ya ukoo, wakifyeka msitu, mara nyingine wakilipa kodi kwa watawala wa mataifa jirani ya Kikumyk na Kikabarda. Kupanda wakati wa hatari na kushuka wakati wa njaa ndiyo mapigo ya moyo ya historia hii.

Waliposhuka, walibeba majina. Ukoo mkubwa kwa Kichecheni huitwa teip, na teip nyingi zina jina la kijiji cha mlimani ulikotoka: Benoy, Tsentoroy, Gendargenoy na nyinginezo. Teip zilijumuika katika miungano mikubwa iitwayo tukhum, ambayo kwa desturi huhesabiwa kuwa tisa, na mingi kati yake ina jina la bonde au eneo. Hapa msomaji wa Kiswahili ana faida kubwa kuliko wengine, kwa kuwa lugha yetu inatenganisha vizuri anapokaa mtu na kwao. Mtu anaweza kuzaliwa Grozny, babu yake na babu wa babu yake wote wakazikwa uwandani, na ukimuuliza kwao ni wapi atakujibu Benoy bila kusita. Kijana hutazamiwa kuyajua majina ya mababu saba kwa mfuatano, na orodha hiyo ni kama njia ya miguu inayorudi mlimani.

Dola ya Urusi ilipofika ililiona tegemeo hilo la mlima kwa uwanda kwa macho ya kijeshi. Mwaka 1785 kikosi chake kilikichoma kijiji cha Aldy, alikokuwa akihubiri Sheikh Mansur, kiongozi wa upinzani dhidi ya Urusi, kisha kikashambuliwa na kuangamizwa msituni kilipokuwa kikirudi. Mwaka 1818 Jenerali Yermolov alijenga ngome ya Groznaya kwenye mto Sunzha, ambayo ndiyo Grozny ya leo, ili kuwakata watu wa mlimani na mashamba ya uwandani. Septemba 1819 wanajeshi wake walikiteketeza kijiji cha Dadi-Yurt kando ya Terek, pamoja na wengi wa wakazi wake. Wachecheni husimulia kwamba wasichana 46 waliotekwa huko walijitosa mtoni na kuwavuta walinzi wao, na kumbukumbu hiyo ingali hai mno katika nyumba zao. Baadaye silaha iliyoshinda haikuwa mzinga bali shoka: askari waliingia kila msimu wa baridi, miti ikiwa haina majani, wakafyeka njia pana msituni ili vijiji visiwe na pa kujificha. Imamu Shamil, aliyeongoza vita dhidi ya Urusi, alijibu kwa kuvihamishia vijiji ndani zaidi, akaweka makao yake Dargo na kisha Vedeno, hadi Vedeno ilipoanguka Aprili 1859 na yeye mwenyewe kukamatwa Gunib mwezi Agosti. Baada ya hapo watawala waliviunganisha vijiji vidogo kuwa vikubwa, kando ya barabara zinazopitika na mizinga. Mitaa iliyonyooka ya vijiji vingi vya uwandani, ambayo mgeni angeisifu kwa mpangilio, chimbuko lake ni hilo.

Mwaka 1865 Wachecheni zaidi ya 20,000 walihamia Dola ya Osmania. Wahamiaji wa Kichecheni walianzisha makazi ya Zarqa, katika Jordan ya leo, mwaka 1902, na Kichecheni bado kinazungumzwa huko.

Katika miaka hiyohiyo mtoto wa kijijini, Kunta-Haji Kishiev, alieneza tarika ya Kadiria, akiwasihi watu waache vita ambavyo vingewamaliza kabisa. Alikamatwa mwaka 1864, akafia uhamishoni kaskazini mwa Urusi. Wasomaji wa pwani yetu wanaijua tarika hiyo kwa njia nyingine, kupitia Sheikh Uways wa Barawa na wanafunzi wake wa Zanzibar, na huenda wakashangaa kuona dhikri ya kusimama, yenye kwenda kwa duara na kupiga miguu chini, ikisomwa uani katika kijiji cha Kaukazi. Kaburi la mama yake Kunta-Haji, huko Ertan karibu na kijiji cha Guni, ni mahali pa ziyara pakubwa kuliko pote Chechnya. Nalitaja kwa sababu ziyara ndizo zilizoipa milima ramani ya pili, ambayo hakuna afisa aliyeweza kuifuta.

Na kufuta kulijaribiwa kwelikweli. Tarehe 23 Februari 1944, kwa amri ya Stalin, askari waliokuwa tayari wamepiga kambi vijijini waliwakusanya Wachecheni na jirani na ndugu zao Waingushi wote, karibu nusu milioni, wakawapakia katika malori na mabehewa ya mifugo kuelekea Kazakhstan na Kirgizia. Makumi kwa makumi ya maelfu walikufa njiani na katika miaka ya kwanza ya uhamisho. Kuhusu kijiji cha Khaybakh, katika wilaya ya Galanchozh, mashahidi walieleza kwamba watu ambao hawakuweza kushushwa kwa sababu ya theluji walifungiwa bandani na kuchomwa moto. Wanahistoria wanaendelea kubishana juu ya nyaraka na idadi, lakini Wachecheni wenyewe hawana shaka.

Ukiziweka ramani za kabla na baada ya mwaka huo mezani, ubavu kwa ubavu, utashtuka. Urus-Martan imekuwa Krasnoarmeyskoye, yaani mahali pa Jeshi Jekundu. Shatoy imekuwa Sovetskoye. Sehemu ya milima imetiwa ndani ya Georgia, sehemu ya mashariki ndani ya Dagestan, na familia za Kiavar na Kidargin, watu wa Dagestan, zimeshushwa kwa shuruti kukaa katika nyumba ambazo sufuria zilikuwa bado mekoni. Mawe ya makaburi, ambayo Wachecheni huyaita churt, yaling'olewa yakatumika kujengea misingi, madaraja na kingo za barabara. Jiwe kama hilo ni nguzo bapa iliyochongwa maandishi ya Kiarabu, na mara nyingi picha za vitu vya marehemu: birika la kutawadha, tasbihi, jambia. Mtu aliyerudi mwaka 1957, pale uhamisho ulipofutwa, aliweza kulikuta jina la babu yake chini ya viatu vya wapita njia.

Walirudi, lakini hawakuruhusiwa kurudi kote. Wilaya za juu, Galanchozh, Cheberloy na sehemu kubwa ya Sharoy, zilifungwa, na watu wake wakaelekezwa uwandani au katika nyika za kaskazini ya Terek, wilaya za Naur na Shelkovskaya, ambazo ziliongezwa kwenye jamhuri mwaka huohuo. Kwa maoni yangu kufungwa huku kuliiumiza jamii ya mlimani kwa muda mrefu kuliko jambo lingine lolote. Mnara usiopakwa chokaa wala kuzibwa paa haudumu vizazi vingi, na matuta yasiyolimwa hubomoka kwa mvua.

Vita vilivyoanza mwaka 1994 na 1999, kati ya Urusi na Wachecheni waliotaka kujitenga, navipitia kwa haraka, si kwa kuvidharau. Samashki mwezi Aprili 1995, Katyr-Yurt mwezi Februari 2000, Komsomolskoye mwezi Machi mwaka huohuo: viwili vya mwisho ni vijiji vya mguuni mwa milima, palepale ambapo bonde linafunguka uwandani, na ndiyo maana vilipigwa. Mwaka 2005 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliihukumu Urusi kwa mabomu yaliyoangushwa Katyr-Yurt juu ya raia waliokuwa wakikimbia. Misitu nayo ilijaa mabomu ya ardhini, na wanavijiji walijeruhiwa na kuuawa walipokwenda kuchuma kitunguu saumu cha mwituni, ambacho huchipua mwisho wa majira ya baridi na hupikwa kwa siagi karibu kila nyumba.

Leo barabara ya lami inapanda kutoka Vedeno hadi ziwa Kezenoyam, lililo kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,870. Hekaya inasema chini ya maji yake kuna kijiji kilichozama kwa sababu wakazi walimnyima mgeni hifadhi, akaokoka mjane maskini peke yake, aliyempokea. Karibu na ziwa kuna Khoy, kijiji kilichokuwa magofu tangu mwaka 1944, ambacho jina lake maana yake ni walinzi. Katika miaka ya karibuni kimejengwa upya jiwe kwa jiwe, pamoja na mnara wake na msikiti, na wageni wanafika kwa magari. Nafurahi kwamba kuta zimesimama. Ila ninapozitazama picha zake huutafuta mlango wa chini, ule wa ng'ombe, na kila mara naukuta umefagiliwa, bila unyasi hata mmoja.