Damu ya perege inajua mto umepitia nini

Watu wakisikia nasoma damu ya samaki wanadhani natafuta magonjwa. Hapana, naangalia kama maji aliyoishi yameharibu vinasaba vyake, na kwa huku kwetu Mbeya hilo ni swali zito maana Chunya wanachenjua dhahabu kwa zebaki na maji ya upande ule yanaelekea Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea, kikiingia kitu kizito kinabaki humohumo. Mbarali nako majaruba ya mpunga yanapigwa dawa za magugu na wadudu, maji yakitoka shambani yanarudi mto Ruaha Mkuu mpaka bwawa la Mtera.

Sasa kwa nini damu? Seli nyekundu za binadamu zikikomaa zinatoa kiini chake nje, za samaki zinabaki nacho, kwa hiyo tone moja tu la perege au kambale lina mamilioni ya seli zenye vinasaba na samaki unamrudisha majini mzima. Seli ikigawanyika, kromosomu (vifurushi vinavyobeba vinasaba) zinavutwa na nyuzi kwenda pande mbili. Sumu ikikata kromosomu, au ikivuruga zile nyuzi (zebaki inashika protini inayozijenga), kipande au kromosomu nzima inaachwa nyuma na inajifunga peke yake kuwa kiini kidogo pembeni ya kile kikubwa. Hicho ndo tunachohesabu.

Na kinachonifurahisha ni kwamba vifaa vipo! Rangi ni Giemsa, ileile ya kupimia malaria. Unapaka damu kwenye slaidi, ikikauka unaitia methanoli, kisha rangi, halafu unatazama kwa hadubini, lenzi ya kukuza mara mia na tone la mafuta, unahesabu seli 1,000 au 2,000 kwa kila samaki. Kiini kidogo kisizidi theluthi ya kikubwa, rangi ifanane, visigusane, la sivyo unahesabu takataka za rangi. Kuna kipimo kingine, komet, ambacho mtafiti Singh na wenzake walikiboresha mwaka 1988, kinaonyesha vinasaba vilivyokatika vikivutwa na umeme hadi seli inaota mkia kama nyota yenye mkia, ila hicho kinataka mashine zaidi.

Maji ya kwenye chupa yanakuambia hali ya dakika ile uliyochota tu. Dawa ikipigwa Jumatatu wewe ukaja Ijumaa, mto umeshapitisha, lakini samaki alikuwepo, na viini vidogo huonekana siku kadhaa baada ya sumu kupita. Ndo maana nasisitiza tupime vyote viwili, maji na damu.

Ila jamani tusitishane. Kiini kidogo hakisemi ni sumu gani, na ukila samaki mwenye seli hizo vinasaba vyako haviharibiki kwa sababu hiyo, zebaki iliyo kwenye nyama ni suala lingine na inapimwa kivyake.

Mwenye hadubini na nia aanze hivi: tafuta perege wa aina moja na ukubwa unaolingana, wengine wa mtoni na wengine wa bwawa la chemchemi safi, halafu mwombe mwenzio aandike namba kwenye slaidi na kuzichanganya ili wewe unayehesabu usijue ipi imetoka wapi.