Damu Iliyo Mkiani Si Mimba Iliyomwagika

Jumatano moja ya msimu wa korosho uliopita, kabla sijamaliza chai, alinipigia simu bibi mmoja wa Nanguruwe, Mtwara, ambaye mtamba wake, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, nilikuwa nimemhimilisha (nimempandikiza mbegu ya fahali kwa chombo) Jumatatu jioni. Hakusubiri shikamoo yangu. "Mwanangu Daktari," alisema, "mimba uliyoiweka imemwagika yote, mkia mzima ni damu. Utaniwekea nyingine, au utanirudishia hela yangu?" Nilimwamkia, nikamweleza kwamba hakuna kilichomwagika na kwamba damu ile ni ya kawaida. Alinyamaza kwa muda, kama mtu anayemvumilia mtoto anayedanganya, kisha akanijibu kwamba yeye amezaa watoto saba na damu anaijua.

Hiyo ilikuwa simu ya tatu ya namna hiyo ndani ya mwezi mmoja, na jibu lake ndilo lililonisukuma kuandika, kwa sababu kosa lote limo ndani ya jibu hilo. Bibi hakuwa mjinga hata kidogo. Alichukua ujuzi wa mwili wake, ambao ni ujuzi wa kweli, akauhamishia kwa mnyama ambaye mwili wake haufuati utaratibu huo.

Kwa mwanamke, damu ya mwezi huja mwishoni mwa mzunguko. Mji wa mimba umejiandaa kumpokea mgeni, mgeni hakufika, homoni ya kutunza mimba, projesteroni, imeshuka, na ukuta wa ndani unabomoka na kutoka. Kwa hiyo ni halali mwanamke kusema kwamba akiona hedhi, mwezi huo hana mimba. Ng'ombe hana hedhi. Ukuta wa mji wake wa mimba haubomoki kila mzunguko, na damu inayoonekana mkiani huja mwanzoni mwa mzunguko, siku ya pili au ya tatu baada ya joto, yaani kipindi ambacho jike hukubali dume, karibu kabisa na wakati yai lilipotoka kwenye ovari. Wakati wa joto homoni nyingine, estrojeni, hupanda na kuijaza damu mishipa midogo ya ukuta huo. Estrojeni ikishuka ghafla, baadhi ya mishipa hiyo huvuja, na damu kidogo huchanganyika na ute na kutoka nje. Hali hii huonekana zaidi kwa mitamba kuliko kwa ng'ombe waliokwisha kuzaa. Wapo pia wasiotoa tone, nao si wagonjwa.

Wenye mbwa wamepotoshwa kwa njia nyingine, maana mbwa jike hutoka damu kabla ya kukubali dume, hivyo mwenye mbwa hujifunza kwamba damu ni dalili ya kusubiri siku chache ndipo apandishe. Damu ya mwanamke hufunga mzunguko usiokuwa na mimba, ya mbwa hutangulia joto, na ya ng'ombe hulifuata joto likiwa limekwisha. Anayezichanganya atakosea kila mara, na mara nyingi atanipigia mimi simu.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo, kwa sababu hiki ndicho kipengele ambacho nikikieleza mlangoni pa banda hakuna anayenisikiliza. Tuseme mbegu imekutana na yai vizuri na urutubishaji umefanyika. Siku ile damu inapoonekana, kiinitete, yaani mimba changa kabisa, kiko wapi? Bado kimo kwenye mrija wa uzazi, juu kabisa, hakijateremka. Kitaingia kwenye mji wa mimba mnamo siku ya nne au ya tano, na kujishikiza kwenye ukuta wake ni jambo la wiki ya tatu. Damu yenyewe inatoka kwenye mji wa mimba. Kusema kwamba damu hiyo imekisomba kiinitete ni sawa na kusema kwamba mafuriko ya sebuleni yamemchukua mtu ambaye bado yuko barabarani anakuja. Wala hatuwezi kukimbilia upande wa pili na kusema, kama nilivyowahi kuwasikia baadhi ya wenzangu wakisema, kwamba damu ni ishara kuwa ameshika. Ameshika au hajashika, damu haijui.

Zipo hasara mbili zinazotokana na imani hii, na ya kwanza, ya kunidai hela, ndiyo ndogo. Kubwa ni ile ya mfugaji anayeona damu na kuamini kwamba sasa ndipo ng'ombe yuko kwenye joto, akaniita nije na mbegu. Msimu wa korosho jambo hili huongezeka, kwa kuwa wenye mifugo wako mashambani tangu alfajiri wakiokota, na ng'ombe ameachwa peke yake bandani akiangaliwa na kijana ambaye kazi aliyopewa ni kukata majani. Ng'ombe aliye peke yake hana mwenzake wa kumpanda. Atalia, atapunguza kula, atatoa ute mwangavu unaoning'inia kama weupe wa yai bichi, na yote hayo yatapita usiku mmoja bila shahidi. Damu ndiyo inayokauka mkiani na kubaki hapo mpaka mwenye mali arudi. Mwaka huohuo mzee mmoja wa upande wa Nanyamba alinihakikishia kwamba damu ilitokana na salfa iliyopulizwa kwenye mikorosho na kuangukia majani. Salfa ikizidi ina madhara yake kwa ng'ombe, lakini hili si mojawapo.

Hesabu ni hii. Joto likianza Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, yai litatoka takriban saa 28 hadi 30 baadaye, yaani Jumanne kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Yai hilo likikaa saa 10 au 12 bila kurutubishwa huwa limechakaa, kwa hiyo Jumanne usiku mambo yamekwisha. Damu inaonekana Jumatano. Mrija wa mbegu uliosafiri kutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kule Usa River, Arusha, ukihifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, ukiyeyushwa Jumatano hiyo utakuwa umefika matangani. Nikikataa kuutumia simnyimi mtu huduma.

Wafugaji waliohamia Kilwa, Lindi na Liwale na makundi makubwa baada ya kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 hawajawahi kunipigia simu kuhusu damu. Wanaiona, lakini fahali yumo kundini usiku kucha na kazi yake ameshaimaliza, hivyo hawana la kuuliza.

Sasa niseme jambo ambalo nisingelisema mbele ya wanafunzi. Sheria tuliyofundishwa sote ni kwamba ng'ombe aliyeonekana kwenye joto asubuhi ahimilishwe jioni, na aliyeonekana jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi. Sheria hiyo imetokana na kazi iliyofanywa Nebraska, Marekani, miaka ya 1940, kwa ng'ombe wa maziwa wa kule, nami nimeifuata kwa miaka mingi bila kuihoji. Lakini ng'ombe wetu wengi ni chotara wenye damu ya zebu, ng'ombe wa asili wenye nundu, na joto la zebu ni fupi, mara nyingi saa 10 hivi, na hupenda kuanza usiku. Mtu anaponiambia kwamba ameliona joto saa kumi na mbili asubuhi, anaeleza saa aliyoamka yeye, haelezi saa lilipoanza. Huenda lilianza saa tatu usiku, na nikisubiri mpaka jioni nitakuwa nimechelewa. Kwa chotara aliye peke yake bandani, siku hizi naenda asubuhi ileile, hasa nikiambiwa kwamba kelele zilisikika usiku. Ninaamini nafanya sawa, lakini ushahidi wangu ni daftari langu tu, na daftari la mhimilishaji mmoja anayekumbuka zaidi ng'ombe walioshika si utafiti. Daftari hilohilo nimelipekua nione kama waliotoka damu nyingi hushika kwa shida kuliko wengine, kama mkubwa wangu mmoja wa kazi alivyokuwa akisisitiza, na sikuona tofauti ambayo ningethubutu kuitetea.

Damu hiyo ina faida moja, nayo ni kuwa kalenda. Mzunguko wa ng'ombe ni siku 21, ukiwa na nafasi ya 18 hadi 24. Ukiwa hukuliona joto lakini umeiona damu, joto lilikuwa siku mbili hivi zilizopita, kwa hiyo joto lijalo litegemee kuanzia siku ya 18 au ya 19 tangu uione damu. Chukua mkaa, andika tarehe kwenye nguzo ya banda, na zikifika siku hizo mtu alale karibu na zizi hata kama korosho zinadondoka. Kama ng'ombe alihimilishwa, zitumie siku hizohizo kuangalia kama atarudia joto.

Damu ya kukutia hofu ni nyingine. Ng'ombe aliyepimwa na kukutwa na mimba ya miezi kadhaa akitoka damu, au damu ikiwa nyingi, inanuka au imechanganyika na usaha, piga simu hata saa nane za usiku. Akitupa mimba, hasa baada ya mwezi wa tano, usiishike ndama wala kondo kwa mikono mitupu, wala usimpe mbwa, kwa sababu brusela, ugonjwa unaotupisha mimba ng'ombe, huambukiza binadamu. Fukia kwa kina na usinywe maziwa yake bila kuyachemsha. Na usiruhusu mtu amhimilishe ng'ombe mwenye mimba kwa sababu tu ameonyesha dalili za joto, maana wachache huzionyesha, na bunduki ya uhimilishaji, chombo tunachopitishia mbegu, ikipita shingo ya kizazi inaweza kuiua mimba iliyokuwa salama.

Mtamba wa Nanguruwe alirudia joto siku ya 21, Jumatatu vilevile, na bibi alinipigia simu akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Si nilikuambia?" Nilimweleza kwamba hata kwa fahali mzima si kila mpando unaoshika, na kwamba kiinitete kikifa kabla ya siku ya 16 ng'ombe hurudia joto kwa wakati wake kana kwamba hakikuwapo, hivyo mimi mwenyewe siwezi kujua kilichotokea. Kisha nikafungua daftari na kumsomea ukurasa wa miaka mitatu nyuma: mama wa mtamba huyo alihimilishwa, siku ya pili akatoka damu mkia mzima, na ndama aliyezaliwa ni huyu tunayegombana kwa ajili yake.

"Huyo alitoka damu kidogo," alijibu.

Nilimhimilisha tena jioni hiyo, na Jumatano akatoka damu tena. Safari hii simu haikuita. Nilipopita kijijini wiki iliyofuata, nikakuta nguzo ya banda imeandikwa kwa mkaa tarehe ya damu, na chini yake tarehe ya siku ya 18 na kiasi cha fedha alichonilipa.