Je, wajua kwa nini mkanda wa mashine ya visu hutulia ikiwa wima, kisha huhama ikilazwa ubavu?

Mashine ya kuchonga visu kwa mkanda haina mengi: mota, puli tatu au nne, na mkanda wa msasa unaozunguka. Kipimo kilichozoeleka, kilichoenea kutoka kwa watengeneza visu wa Marekani, ni inchi 2 kwa 72, yaani kama milimita 50 kwa 1,830. Puli zake hazina kingo. Hakuna kinachouzuia mkanda kuchomoka pembeni, na bado unakimbia mita saba hadi kumi na tano kwa sekunde huku fundi akiukandamizia chuma, wala hauchomoki. Ilaze mashine hiyo hiyo ubavu bila kugusa bolti hata moja, na mara nyingi mkanda utaanza kutembea kuelekea ukingoni.

Mambo yote mawili yanaelezeka ukianza na puli moja, ile ya juu, ya kuongozea mkanda. Imekerezwa iwe na mgongo: katikati nene, pembeni nyembamba kidogo. Mtu angedhani mkanda utateleza kushuka mteremko huo, lakini hupanda. Ukiwa umekaa upande mmoja, ukingo wake ulio karibu na mgongo unavutwa kwa nguvu kuliko ule wa nje, kwa hiyo kipande kinachokuja hujipinda kidogo kuelekea mgongoni. Kinaigusa puli mahali palipoinuka zaidi, msuguano unakishika hapo hapo, na kinachofuata kinagusa juu zaidi tena. Mkanda ukifika katikati, pande mbili zinavutana sawa na unatulia. Kazi hiyo yote hufanywa na msuguano, ndiyo maana mkanda uliolegea au puli yenye mafuta haipandishi kitu.

Mgongo unaotosha ni mdogo kuliko wengi wanavyofikiri. Kwenye puli ya upana wa milimita 50, acha milimita 10 za katikati zikiwa bapa, kisha kereza kila upande kwa mteremko wa nyuzi 2. Zile milimita 20 za kila upande zitashuka milimita 0.7 hivi, na hapo panatosha. Ukizidisha, mkanda hukaa katikati tu kingo zikielea. Puli mbili za juu na chini ya bamba la kuchongea, lile la chuma lililo nyuma ya mkanda ambapo kisu hukandamizwa, ziache bapa kabisa, la sivyo mkanda utatuna mbele ya bamba na hutapata ubapa ulionyooka hata ufanyeje.

Puli ya kuongozea hufungwa kwenye kibamba chenye bawaba, na bolti yenye kishikio hukisukuma kibamba hicho ili puli iiname kidogo kulia au kushoto. Robo mzunguko wa bolti hiyo unatosha kuuhamisha mkanda waziwazi, kwa sababu puli ikiinama mkanda unaipokea kwa pembe tofauti na kuanza kupanda upande mmoja. Kumbuka hilo: pembe ndogo sana ya puli moja ndiyo usukani wa mashine nzima.

Kwa nini basi mtu ahangaike kuilaza? Ikiwa wima, mkanda hushuka na mikwaruzo hukatiza upana wa kisu. Ikilazwa, mkanda hupita kwa mlalo: unaweza kuweka kazi juu ya meza ndogo na kuchonga ukingo ukiwa mraba, kupeleka mikwaruzo kwa urefu wa kisu, au kuukandamiza mpini kwenye mkanda unapopita puli ndogo huku ukiona mstari wako kutoka juu. Kwa kazi ya mipini, ukishaizoea hutataka kurudi nyuma.

Tatizo ni uzito. Mashine ikiwa wima, kila kilicholegea kimeshaangukia mahali fulani na kutulia hapo, nawe umerekebisha bolti ya kuongozea mkanda kulingana na hali hiyo. Ukiilaza, kila uwazi unaangukia upande mwingine. Uzito wa mkanda wenyewe si hoja. Kinachohama ni puli, na mkanda unafuata tu.

Mahali pa kwanza pa kuchunguza ni mkono unaobeba bamba. Kwa kawaida huingia ndani ya bomba la mraba na kubanwa kwa bolti moja kutoka juu. Chukua bomba la nje la milimita 50 lenye unene wa 5. Ndani linabaki na milimita 40, na mkono wa 40 hauingii mpaka upige tupa mshono wa kulehemu ulio ndani. Hapo ndipo watu huzidisha. Nusu milimita ya uwazi ndani ya bomba la urefu wa 150 huwa milimita nzima kwenye ncha ya mkono uliojitokeza 300. Wima, bolti ya juu inatosha. Kwa mashine ya kulazwa weka na bolti ya pili ubavuni, au lehemu nati kwenye pembe ya bomba ili bolti isukume kwa mshazari na mkono ubanwe kwenye kuta mbili kwa pamoja.

Bawaba ya puli ya kuongozea ni jambo la pili, na ndilo baya zaidi kwa kuwa iko kwenye usukani wenyewe. Pini ya milimita 10 ndani ya tundu la 10.5 itaifanya puli iiname bila ridhaa yako. Toboa 9.8 kisha malizia kwa rima ya 10 (kifaa cha kusawazisha tundu kwa kipimo kamili), na weka springi ya kukirudisha kibamba dhidi ya bolti. Kibamba kiwe cha unene wa milimita 10 au 12, maana puli imening'inia upande mmoja na chuma cha 6 hupinda mkanda ukivutwa. Ndani ya puli weka beringi mbili za namba 6203 zilizozibwa, zenye kibomba cha kuzitenganisha kati ya pete za ndani. Kibomba hicho kikiwa kifupi hata kidogo, kukaza bolti kutazibana beringi kwa ubavu, nazo zitapata moto na kulia mapema.

Mvuto wa mkanda utoke kwa springi au kwa shoki ya gesi kama ile ya buti ya gari. Jiwe au kipande cha chuma kinachoning'inia hufanya kazi mashine ikiwa wima tu. Ikilala, uzito huo hauvuti tena upande unaotakiwa na mkanda hulegea.

Sasa egemeo lenyewe, yaani mhimili ambao mashine nzima huzungukia inapolazwa. Mota ya 1.5 kW ya mizunguko 1,440 hufika kilo 15 hadi 25, kwa hiyo weka egemeo karibu na kitovu cha uzito, la sivyo mashine itaangukia vidole. Pini ya kuifungia mashine isizunguke iwe mbali na egemeo, milimita 100 au zaidi, ili uwazi wake usikuzwe kwenye puli. Mashine ikilala, mota husimama wima chini ya puli, feni ikitazama sakafu: acha nafasi ya hewa chini yake, na itumie mota iliyozibwa pande zote, kwa kuwa vumbi la chuma halisamehe. Ukifuata michoro ya Marekani, jua kwamba huko mota ya namna hii huzunguka 1,725 kwa umeme wa hezi 60. Huku kwetu kwa hezi 50 utakosa karibu moja ya sita ya kasi. Puli ya mota ya milimita 120 badala ya 100 inairudisha.

Cheche nazo hubadili njia. Hazidondoki tena kwenye ndoo ya maji, huruka kwa mlalo, na zikikuta vumbi la mbao la mpini uliochongwa asubuhi huwaka.

Ukijaribu mashine, zungusha kwa mkono kwanza, kisha kwa kasi ndogo, wima halafu ubavu. Mkanda ukihamia upande mmoja na kubaki huko, usikimbilie bolti. Shika kila kipande na ukitikise mpaka upate kinachocheza. Ukiyumba kwenda na kurudi kwa mdundo ule ule, kosa liko kwenye kiungo cha mkanda. Vaa mkanda mwingine.