Uchavushaji wa mkono: kwa nini maua yanachanua bila kuzaa mbegu

Uchavushaji wa mkono ni kuchukua chavua, ule unga wa kiume wa ua, kutoka kwenye stameni zinazoubeba na kuipaka kwenye stigma, ncha ya kike inayoupokea, kwa mkono wako, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na wadudu, ndege au upepo. Vanila tunayotia kwenye keki hupatikana hivyo. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa, alionyesha namna ya kuichavusha haraka kwa kijiti na kidole.

Kwa sisi wa Mombasa tunaopenda maua ya porini, dhana hii inafaa sana kwa gloriosa (Gloriosa superba), mmea wa asili wa pwani unaopanda juu kwa kujishikiza kwa ncha za majani yake. Petali zake sita, nyekundu zenye pindo za manjano, hupindia nyuma kama ndimi za moto. Wengi hulalamika kwamba unachanua vizuri kisha maua yananyauka bila mbegu. Basi wanaongeza mbolea, na mara nyingi shida haiko kwenye mbolea.

Litazame ua kwa karibu. Stameni sita zimetawanyika pande zote, lakini kile kijiti kinachobeba stigma kimepinda ghafla kuanzia chini, kikaelekea pembeni, mbali na chavua. Ua halijigusi lenyewe kwa urahisi. Linasubiri kipepeo au ndege chozi apite. Kwenye roshani ya Mji wa Kale, au nyumba ya Nyali iliyozungukwa na kuta, hao si wengi.

Kuna na hili: ukigawiwa viazi vya gloriosa (mizizi yake minene) na jirani mmoja ukavipanda vyungu vitano, kwa nasaba una mmea mmoja tu. Chavua ya mmea wenye asili nyingine huleta mbegu bora zaidi. Badilishana na mtu wa mtaa mwingine, au nunua kwenye kitalu kingine. Tafadhali usiende kuchimba kwenye misitu ya kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Kiazi kikishang'olewa, mmea ule haupo tena pale.

Fanya kazi asubuhi, umande ukishakauka na vifuko vya chavua vikiwa vimepasuka. Kwa brashi laini ya kuchorea, chota unga wa manjano, upake kwenye ncha zote tatu za stigma, kisha funga uzi kwenye kikonyo ili ulijue ua lile. Siku ya mvua acha, chavua italowa. Ovari, sehemu ya ua inayogeuka tunda, ikibaki kijani na kuvimba, imeshika. Ikigeuka njano na kusinyaa, jaribu ua jingine. Usikate majani mpaka tunda lenyewe likauke na kupasuka.

Huko Tamil Nadu, India, gloriosa hulimwa kwa ajili ya mbegu, na wakulima huchavusha kwa mkono. Mbegu zina kolchisini, inayotengenezewa dawa ya gauti, ugonjwa wa maumivu makali ya viungo. Kolchisini hiyohiyo ni sumu kali, na imo katika mmea mzima, hasa viazi na mbegu. Mbegu zenyewe ni nyekundu za kung'aa, mtoto atazidhania peremende. Zichume kwa glavu kabla hazijadondoka, na mbuzi wasifike karibu na mmea.